Dirisha la Vioo vya Walioondoka

Msimamizi wetu ameniomba, kabla sijarudisha funguo, niwaandikie ninyi watatu mtakaobaki na majengo haya. Akasema niandike kwa Kiswahili, maana nyote mnakisoma, na Kiingereza changu cha maandishi yeye keshakiona. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara sizigusi. Cheo nilichoingia nacho ndicho ninachotoka nacho, na kuhusu mshahara, anayetaka kujua aangalie viatu vyangu.

Majengo mliyokabidhiwa ni manne. Kuna dohani ya matofali, ndefu, isiyotoa moshi tena. Kuna banda la kupakia matango, lenye paa la mabati na meza iliyolika ukingoni kwa viwiko vya wanawake. Kuna klabu, na ubavuni mwake uwanja wa mchanga wa kuviringisha mipira, ambako wazee walikuwa wakigombana kila Jumapili kwa raha zao. Na kuna kanisa dogo, ambalo zamani lilikuwa nyumba ya boila. Siku za mvua bado linanuka makaa. Watu wa historia wakija na kamera zao huipenda zaidi dohani, kwa sababu inatoka vizuri kwenye picha.

Mimi nataka mlielewe dirisha la kanisa. Lile kubwa, nyuma ya altare, lenye fito za mbao zilizoligawa vyumba vidogo vidogo. Chini kulia lina nafasi moja iliyozibwa kwa ubao. Ofisi imeshasema: wakija mwezi wa nne wakalikuta na ubao, watalihesabu kuwa bovu, walitoe lote na kuweka kioo kimoja kipya, cha tabaka mbili, kisichopitisha baridi. Wakilikuta zima, wataliacha. Hawana ubaya, taratibu zao ndivyo zilivyo. Lakini dirisha lile si la kutolewa, na ili mjue kwa nini, inabidi nianzie mbali.

Nilifika London mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, kutoka Wete. Kule nilikuwa karani wa karafuu. Nilisoma mizani, nikaandika, nikakaa kivulini. Sababu za kuondoka zilikuwa za siasa, na ninyi nyote mna za kwenu, kwa hiyo tusichoshane. Nililala Barking kwa jamaa, sebuleni, mpaka mtu wa kwetu mmoja aliyekuwa na kazi ya ofisini Thornton Heath akaniambia kuna Wataliana wanaolima matango kaskazini kabisa mwa mji, kandokando ya mto Lea, na kwamba hawamsumbui mtu kuhusu Kiingereza, maana wao wenyewe wanakibabaisha.

Nikapanda treni, halafu basi, mpaka pale basi linapogeuzia. Wakati huo hapakuwa na hizi nyumba za matofali mekundu mnazoziona. Palikuwa na vioo. Kila upande, nyumba za vioo zimepangana bega kwa bega mpaka mtoni, zinameta ingawa jua lenyewe halikuwapo. Nje barafu ilikuwa imekamata majani. Nikafungua mlango wa nyumba ya kwanza, na ndani kulikuwa Pemba: joto la unyevunyevu, harufu ya udongo ulioshiba maji, majani makubwa yananigusa uso. Nilisimama pale mlangoni nikalia. Miwani ilijaa mvuke, kwa hiyo hakuna aliyejua.

"Funga mlango!" sauti ikanijia kutoka ndani ya matango. "Unaipasha joto Uingereza nzima?"

Huyo ndiye Turi. Alikuwa fundi wa vioo wa kichochoro kizima, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu aliyoivaa kiangazi na kipupwe. Alikuja kijana kutoka kijiji kimoja cha Sisilia baada ya vita, pamoja na wengine wa kijiji hichohicho, kuja kuchuma nyanya kwenye nyumba za vioo za Waingereza. Baadaye Waingereza walipochoka, wao wakazinunua moja moja. Wakajenga klabu, wakageuza nyumba ya boila ikawa kanisa, wakazaa watoto waliotaka kuwa wahasibu. Kiingereza cha Turi na changu vyote vilikuwa vya kuokota, lakini tuliviokota sehemu tofauti, kwa hiyo tulisaidiana.

Wiki za mwanzo nilichuma matango. Kisha upepo mkali ukavunja vioo vingi vya mapaa, Turi akaja kuniuliza kama naogopa kupanda. Nikacheka. Mpemba haulizwi swali hilo. Karani au si karani, karafuu haziteremki zenyewe. Nikapanda. Siku hiyohiyo kioo kikaniponyoka mkononi, nikakidaka. Mnaliona kovu hili, toka kiganjani mpaka kidole gumba, na Salum umewahi kuniuliza. Nilidhani Turi atanisifu kwa kuokoa kioo. Alinitukana kwa lugha yake mpaka akaishiwa pumzi, akanifunga mkono kwa kitambaa cha shingoni mwake, ndipo akanifundisha jambo la kwanza la kazi hii.

"Kioo kikianguka, mikono nyuma," akasema, na mwenyewe akaweka mikono nyuma ya mgongo kunionyesha. "Acha kianguke. Kioo kipo kingine."

Hilo nimekufundisheni siku ya kwanza, kila mmoja wenu, na mliniona mzee wa ajabu nilipowafanyisha mazoezi kwa kuangusha sahani za karatasi. Sijali. Vidole vyenu vyote vipo.

Mengine nimewaonyesha kwa mikono, lakini nayaandika ili msije mkabishana. Kioo cha zamani ni kikavu; kabla ya kukikata kiwekeni karibu na jiko kipate joto kidogo. Gurudumu la kisu cha kukatia vioo lichovyeni kwenye mafuta ya taa. Mstari ni mmoja, wa mara moja, toka ukingo mpaka ukingo. Anayerudia mstari anataka kazi ya kufagia. Puti, ule udongo laini unaokamata kioo kwenye fremu, msinunue ya kopo kwa ajili ya kanisa. Kandeni wenyewe, chokaa laini na mafuta ya kitani, mpaka iache kung'ang'ania vidole. Tandikeni ya chini kwanza, halafu mkibonyeza kioo bonyezeni pembeni. Mutua, wewe unapenda kubonyeza katikati. Acha.

Nilihamia katika kile chumba cha matofali kilichoegemea banda la kupakia, chumba ambacho ofisi sasa inataka kukifanya stoo. Kitanda, jiko, na dirisha dogo la kioo kimoja juu ya kitanda. Nilijiambia ni kwa muda. Asha, mke wangu, alibaki Wete, naye tuliambiana ni kwa muda. Simu ilikuwa ghali na ya kukatikakatika, kwa hiyo tulitumiana kaseti. Nilikuwa nikirekodi kanisani, siku ambazo hapana padri, kwa sababu ndipo palipokuwa kimya. Namsalimia, namuuliza habari za mama, za mvua, za jirani, halafu namwelezea matango. Unaweza kumwelezea mwanamke matango mara ngapi? Lakini nilikuwa nayo hayohayo.

Turi alinikuta siku moja naongea peke yangu mbele ya altare. Akavua kofia, akasubiri nimalize, akadhani nasali.

"Mimi Mwislamu, Turi," nikamwambia. "Naongea na mke wangu."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha kaseti. Akaitazama, akavaa kofia, akatoka. Siku iliyofuata mkewe, Bi Concetta, akaniletea sahani ya biringani za kuokwa na mkate, akasema ni mabaki. Hayakuwa mabaki, yalikuwa hayajaguswa. Mabaki yale yakaja kila Jumapili, na tangu siku hiyo, akinikuta natandika mswala kwenye banda la kupakia, alikuwa akizima redio na kuwanyamazisha wanawake wenzake mpaka nitoe salamu.

Sasa dirisha. Msimu wangu wa pili au wa tatu, familia moja iliuza. Mafuta ya kupashia joto yamepanda, matango ya nchi nyingine yanaingia kwa bei ya chini, watoto hawataki. Mambo ya kawaida. Jumamosi moja Turi alinyoa ndevu, akavaa koti la kanisani, akaniambia nichukue kisu cha puti nimfuate. Tulikwenda mpaka nyumba ya watu hao. Masanduku yalikuwa yamepangwa uani. Turi akagonga, ingawa mlango ulikuwa wazi, na mwenye nyumba alipotokea, Turi akavua kofia akauliza:

"Kioo chenu kiko wapi?"

Yule bwana alikuwa mtu mnene, mwenye kelele, aliyekuwa akinitania kila siku kuhusu baridi. Uso ulimbadilika. Akaingia ndani, akatoka na kioo kimoja kilichofungwa kwenye kitambaa cha meza, alichokitoa kwenye nyumba yake ya matango. Tukaenda nacho kanisani, familia nzima nyuma yetu. Turi akakikata kikaenea, akakitia dirishani, akapiga puti, na kwenye kona ya chini akabonyeza kidole gumba. Hakuna aliyehutubu. Wakala maandazi yao, wakabusiana, wale wakapanda gari.

Njiani nikamuuliza Turi kwa nini yule bwana hakutia kioo mwenyewe, na hali alikuwa hodari wa vioo kama sisi.

"Anayeondoka hagusi," akasema. "Anayebaki ndiye anayetia. Na anayebaki ndiye anayekwenda kugonga."

"Na asipogongewa?"

Turi akatembea kidogo. "Palikuwa na mmoja zamani alijipitisha mwenyewe nyumba kwa nyumba kuomba. Tulimtilia. Nilimtilia mimi." Akatema mate kando. "Akiomba mwenyewe, sisi tunakuwa mafundi tu."

Sikuwahi kujua ni kioo kipi. Turi hakukionyesha mpaka anakufa, na nimelitazama dirisha lile kwa miaka nikitafuta.

Baada ya hapo waliondoka kwa mfululizo. Mtakuta kioo kimoja cha kijani kibichi, juu kushoto. Hicho ni cha mama mmoja aliyeuza nyanya sokoni na kuimba. Mtakuta chenye mawimbi, ukikitazama dohani inapinda. Kuna chenye ukungu mweupe usiotoka: ni chokaa wanayopaka juu ya vioo kiangazi kupunguza jua, na mwenyewe hakutaka isafishwe. Kuna viwili vya ndugu waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya pampu ya maji. Waliondoka wiki moja, na kila mmoja akamnong'oneza Turi kwamba kioo chake kiwe mbali na cha mwenzake. Turi akasema ndiyo kwa wote wawili, akaviweka kwenye pembe mbili zinazotazamana, ili waonane mpaka kiama. Ndiyo sababu mwanga wa mle ndani haulingani popote, na watu wa historia wanadhani ni ufundi wa kizamani.

Kaseti ya mwisho ya Asha ilikuja katikati ya miaka hiyo. Niliisikiliza kitandani, chini ya dirisha langu. Sauti yake haikuwa ya hasira. Alisema: "Faki, mimi nimechoka kuwa mke wa kaseti. Wewe ni mtu mwema na sina la kukusingizia. Nipe talaka yangu nikiwa bado nina nguvu za kuanza." Kisha akanisomea salamu za watu wote, mmoja mmoja, kama kawaida yake, mpaka mkanda ukaisha.

Nilimpa. Nilikwenda kwa watu wanaojua taratibu, nikaandikiwa, nikatuma. Sikupiga simu kumbembeleza, sikupanda ndege. Kilikuwa kinaanguka, nikaweka mikono nyuma. Turi alinifundisha vizuri, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri mno. Aliolewa na mwalimu wa skuli, nasikia wana mji mzuri na miche ya vanila. Mimi nikabaki na matango.

Turi alifariki kipupwe kimoja, kifua. Alikwenda hospitali kwa miguu yake akiwa na kofia, akarudi kwenye jeneza. Nikajua ni zamu yangu, na nilikuwa na hofu, kwa sababu waliobaki kichochoroni walikuwa wachache na wote wa huko kwao, na mimi nilikuwa mtu wa kuajiriwa. Nilisubiri aende mwingine. Siku ya kwanza hakwenda mtu. Siku ya pili asubuhi nikaoga, nikavaa kanzu kwa sababu sikuwa na koti la maana, nikaenda nikagonga.

Bi Concetta akafungua. Alikuwa amevaa nyeusi.

"Kioo chenu kiko wapi?" nikamuuliza.

Akaweka mkono mdomoni. "Nilidhani hujui," akasema. "Wenzako waliniambia tusubiri, tuone kama utakuja. Mimi nikasema, akija, atakuja na nguo safi."

Kioo kilikuwa mezani, kimeshafungwa. Nilikikata kwa kisu cha Turi mwenyewe, mstari ukatoka mmoja. Nikatia, nikapiga puti, nikabonyeza gumba. Tangu siku hiyo magumba yote ya kwenye kona ni yangu. Mkipitisha kidole mtayahisi. Gumba langu lina alama ya mpasuko, la Turi ni pana.

Tukabaki, na kila mwaka tukapungua. Nyumba za vioo zikang'olewa, vyuma vikauzwa, ardhi ikachimbwa kokoto, na matundu yakajaa maji na bata. Halmashauri ikayahifadhi haya majengo manne, na kampuni ikapewa kuyatunza, na mimi nikakabidhiwa kampuni pamoja nayo, kama kitasa kinavyouzwa na mlango. Mimi nikiwa mwajiriwa halali, Bi Concetta akiwa mkaazi wa mwisho. Jioni nyingi tulikaa jikoni kwake tukimenya maharage mabichi. Wajukuu walikuja mara moja kwa mwaka, sikukuu ya mtakatifu wao, na magari mazuri. Alikuwa akiwasemesha kwa lugha yake, wanaielewa, wanamjibu kwa Kiingereza. Nilimwambia nina wapwa Barking walio hivyohivyo. Tulicheka pamoja, lakini si sana.

Mwishowe magoti yakamshinda, binti yake akaja kumchukua. Nilikwenda kugonga asubuhi, nimevaa kanzu. Akanicheka.

"Cha kwetu kimeshatiwa, Faki. Cha Turi na changu ni kimoja. Umesahau?"

"Sikusahau. Nimekuja kugonga tu."

Akalia, akanishika uso kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amenifanyia tangu nitoke kwa mama yangu. Halafu tukaenda kanisani tukasimama mbele ya dirisha. Lilikuwa limejaa, isipokuwa ile nafasi moja ya chini kulia, yenye ubao.

"Ile ni yako," akasema.

"Bi Concetta, mimi si wa hapa. Mimi mfanyakazi. Tena sina hata shamba."

"Una dirisha, huna?"

"Ninalo moja, juu ya kitanda."

"Basi una kioo."

Nikamuuliza nani atakayenigongea, na sikuuliza kwa mzaha. Nje hapakuwa na mtu, palikuwa na bata. Alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akinipa muda wa kujifuta macho.

"Watakuja watu," akasema. Akanipa ufunguo wa kanisa. Msimu wa majani kupukutika uliofuata nikasikia amekufa.

Hapo ndipo nilipojua upweke wenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa mbali na kwetu tu. Nilikuwa nikifungua kanisa asubuhi, kupitisha hewa, na kujikuta nawasalimia vioo kwa majina ya wenyewe. Nilikuwa nikienda Barking Iddi hadi Iddi, nakula pilau, wapwa wananiuliza, "Uncle, you okay?" nawajibu okay, narudi. Siku nzima ilikuwa inapita sijasikia sauti yangu. Nawaambia hivi ili mjue kwa nini mlipoletwa ninyi watatu nilikuwa naongea bila kunyamaza wiki nzima ya kwanza. Mutua ulidhani nimelewa.

Mmekuwa kelele nzuri. Salum anayeniita "ami", ambaye ugali wake wa chakula cha mchana umeunguza sufuria yangu ya pekee. Mutua na redio yake ya mpira. Na Bahati, aliyekuja kutoka Barking akiwa amechoka na shifti za kusafisha hospitali Lewisham, akasema anataka kazi ya mchana yenye ngazi. Bahati, wewe una mkono. Sikukwambia kwa sababu Turi naye hakuniambia.

Mwezi uliopita Bahati alikuwa akipangusa dirisha la kanisa, akagonga ule ubao kwa kidole.

"Muzee, hii mbao iko inafanya nini hapa? Miye naweza toa, niweke kioo. Kazi kidogo tu."

"Iache."

"Juu ya nini?"

"Ina mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi?"

"Hajaondoka bado."

Akanitazama, akatikisa kichwa. "Muzee, weye una maneno," akasema, akaendelea kupangusa. Nilikuwa na nafasi ya kumweleza pale pale. Ulimi ulikataa. Ningelieleza kwa mdomo, macho yangu yangeomba, na mimi sitaki kuwa yule wa nyumba kwa nyumba.

Mwenzangu mmoja wa msikitini niliyemsimulia akaniambia, basi kitie mwenyewe, nani atakuona? Kweli hakuna. Wote wanaoijua desturi hii wako kwenye dirisha, na mimi nimebaki nje yake na kisu. Ofisi nayo inataka kioo tu, haiulizi gumba la nani. Lakini nimetia vioo vya watu kwa miaka yote hii nikiamini kwamba tofauti ipo. Nikijitilia mwenyewe, nitakuwa nimewaambia wote wale kwamba ulikuwa ufundi tu. Afadhali ubao ubaki, na mwezi wa nne wachukue lote.

Kwa hiyo nilipoombwa niandike mambo ya kazi, nikaona haya ni mambo ya kazi. Na jambo lililoandikwa kwa ajili ya kumbukumbu za kampuni haliwezi kuhesabiwa kuomba. Turi angebisha. Turi hayupo.

Ijumaa baada ya sala ya mchana mpwa wangu anakuja na gari kunipeleka Barking. Vitu vyangu ni masanduku mawili na sufuria iliyoungua. Kioo cha dirisha langu nimeshakitoa. Nimelala chini yake miaka yote, kina kiputo kimoja kidogo cha hewa ndani yake, upande ninaoutazamia nikiamka. Nimekipasha moto, nimekikata, mstari mmoja, nimekipima kwenye ile nafasi na kinaenea, ila kukitia si kazi yangu. Kiko nyuma ya mlango wa banda la kupakia, nimekifunga kwa kikoi. Puti nimekanda jana, iko kwenye kopo, imefunikwa kwa kitambaa chenye mafuta. Kisu cha Turi kiko juu yake, na kitabaki na atakayekitumia. Ubao ukitoka kanisani, upigiliwe kwenye dirisha la chumba changu, maana sasa hivi nimeziba kwa gazeti na upepo wa mto unanipitia kichwani.

Mkishika, shikeni pembeni. Kikiwaponyoka, mikono nyuma, hata hiki.

Siombi. Nimeeleza kazi, kama nilivyoagizwa. Asubuhi zote mpaka Ijumaa birika liko motoni, na kanzu nimeshaipiga pasi. Mlango nimeuegesha tu, lakini atakayekuja agonge.